Jabari juu ya dari yetu

Lamu, Mkomani
Mwanzoni mwa Desemba

Shoga yangu Rukia,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, ila joto la kaskazi limetutoa vyumbani, tunalala darini. Huko ndiko ninakokukumbuka kila usiku, kwa sababu ya Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion.

Tukisha kuswali isha huwa keshachomoza juu ya kisiwa cha Manda, amelala ubavu, kichwa kushoto, miguu kulia. Nikizinduka saa saba usiku, ule mshipi wake wa nyota tatu uko utosini kabisa. Wewe huko Leeds, Uingereza, saa saba zako utamwona amesimama wima upande wa kusini. Nyota ni zilezile.

Nimejifunza majina yake, na karibu yote ni Kiarabu kilekile cha chuo cha Kurani! Rigel ni mguu. Mintaka ni mshipi. Saiph ni saifu, upanga wa Jabari, ingawa yenyewe iko gotini. Lakini inayoniuma ni ile nyekundu ya begani, Betelgeuse. Waarabu waliiita yad al-jawza, mkono wa Jauza, jina lao jingine la Jabari. Ilipofika Ulaya, ile herufi “ya” yenye nukta mbili chini ikasomwa “ba” yenye nukta moja, na mkono ukapotea. Unakumbuka maalim alivyotushika kidole juu ya kila nukta? Kosa hili asingelipitisha, na dunia nzima inalisema mpaka leo.

Nyota hiyohiyo ilififia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020, hata kwa macho kufifia kulionekana. Niliogopa, nikidhani inakufa. Wataalamu walikuja kueleza kuwa ilizibwa na vumbi iliyolitoa yenyewe, na sasa inang'aa kama zamani, alhamdulillahi.

Uliniandikia kwamba tangu uhamie huko hujui hata mashariki iko wapi, kwa mawingu na majumba. Basi nakuomba, siku mbingu ikiwa safi, kaa dirishani kuanzia saa moja kasorobo usiku. Katika zile tatu za mshipi, Mintaka ndiyo hutangulia, na popote ulipo duniani hutokea mashariki sawasawa. Kwetu itakuwa imeshapanda karibu masaa matatu kabla, juu ya mikoko ya Manda. Niandikie kwako imetokea juu ya paa gani.

Akupendaye,
Mwanaesha