Uso unaowaka: jinsi ya kuchagua huduma ya saluni isiyoichokoza ngozi yenye rosasea

Kabla sijamgusa mteja usoni, hupitisha mgongo wa kiganja karibu na shavu lake bila kuligusa. Wapo ambao joto lao hunifikia kabla mkono haujafika. Majuzi alikaa kwenye kiti chetu mama mmoja anayepika vyakula vya shughuli, mtu wa kushinda mbele ya masufuria ya pilau na moto wa kuni. "Mwanangu, nisugue vizuri, hizi chunusi zimenichosha," aliniambia. Nikawasha taa, nikatazama. Vipele vilikuwepo mashavuni, puani na kidevuni, vidogo, vimetuna, vingine vina usaha kidogo. Lakini sikuona hata kimoja chenye kile kichwa cheusi au cheupe cha uchafu ulioziba kitundu cha ngozi. Mashavu yalikuwa yameiva rangi ya kahawia inayovuta zambarau, na nilipomuuliza kama uso unamchonyota akipaka losheni alicheka: "Nikipaka chochote ni kama nimejipaka ndimu."

Nikamwambia, mama, leo hatusugui.

Hali aliyokuwa nayo ina dalili zote za rosasea. Sisi wa saluni hatutoi jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi, na kwa daktari ndiko tulikompeleka. Ila mtoa huduma asiyeijua rosasea atakudhuru kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana tunaandika haya.

Rosasea ni uvimbe wa muda mrefu wa ngozi ya uso. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka upesi na kuchelewa kurudi, kinga ya mwili hupambana kupita kiasi, na ule ukuta wa juu wa ngozi unaozuia maji yasitoke na vichokozi visiingie huwa dhaifu. Mara nyingi huanza mtu akishavuka miaka 30. Haiambukizi wala haitokani na uchafu. Haina dawa ya kuimaliza moja kwa moja, lakini hutulizwa, na wengi huishi nayo vizuri wakishajua kinachoiamsha: jua, joto la jikoni, chai ya moto, pilipili, pombe, hasira na mawazo, mazoezi mazito, na vipodozi vikali.

Picha nyingi za rosasea unazoziona ni za watu weupe, mashavu mekundu kama nyanya. Kwa ngozi zetu wekundu haujitokezi hivyo. Unakuta eneo limekolea kuliko uso wote, wakati mwingine kama alama iliyoachwa na chunusi, kwa hiyo mtu anahangaika miaka na dawa za chunusi au za madoa. Usitegemee macho peke yake. Jiulize: uso wangu unapata moto ghafla? Unachoma nikipaka vitu ambavyo wenzangu wanapaka bila shida? Umekauka na kukaza huku unang'aa? Macho nayo yanakuwa mekundu, yanawasha kama yameingia mchanga? Sisi huwa tunabonyeza kipande cha kioo safi juu ya shavu. Rangi ikififia chini ya kioo kisha ikarudi upesi tukikiondoa, hiyo ni damu kwenye mishipa iliyotanuka. Doa la kawaida halifanyi hivyo.

Swali la kwanza tunalomuuliza mteja wa aina hii ni hili: unapaka nini? Na tunauliza mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu jibu mara nyingi ni mkorogo, na mtu haoni raha kulitaja mbele za watu. Hatumsuti mtu. Tunachotaka ni kujua kama ndani yake mna steroidi, yaani dawa za kuzima uvimbe. Krimu za klobetasoli na betamethasoni ni dawa za hospitali, zina kazi yake na muda wake, lakini zimegeuzwa kuwa za kung'arisha uso, ama zinachanganywa kienyeji kwenye kopo lisilo na maandishi. Mwanzoni zinapendeza. Steroidi hubana mishipa ya damu na kuzima uvimbe, hivyo uso unatulia na kuwa laini ndani ya siku chache. Miezi ikipita ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinatoka. Ukiacha siku mbili tatu, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka yote kwa pamoja: uso unavimba, unawaka, unatoa vipele vingi kuliko mwanzo. Unarudia kopo lako kwa hofu, uso unatulia, na hapo ndipo umefungwa.

Madaktari wanaiita rosasea ya steroidi, na kwa wateja wetu ndiyo tunayokutana nayo kuliko ile ya asili. Hapa Tanzania steroidi, zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na Shirika la Viwango, TBS, hukamata na kuteketeza shehena, lakini kopo lisilo na jina halina shehena. Ukiwa kwenye hali hii, hakuna huduma ya uso itakayokutoa, iwe yetu au ya mwingine yeyote. Kinachokutoa ni kuacha krimu hiyo kwa utaratibu aliokupangia daktari, pamoja na uvumilivu wa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Katika kipindi hicho sisi tunakupa kitambaa cha maji baridi kiasi, krimu ya kulainisha isiyo na harufu, na mtu wa kumpigia simu usiku ukishawishika kurudi kwenye kopo. Zaidi ya hapo hatufanyi kitu usoni mwako, hata ukitaka kulipa.

Nilijifunza kwa kukosea. Tulipoanza kazi, kila aliyelala kitandani alipata mzunguko uleule: mvuke dakika kumi, skrabu ya chembechembe, kukamua, barakoa ya udongo mpaka ikauke na kupasuka, kisha tona yenye spiriti. Kwa ngozi nzito yenye mafuta mzunguko ule haukuwa na ubaya mkubwa. Siku moja nilimfanyia dada aliyekuwa amenieleza kabisa kwamba uso wake "una hasira". Sikulitia maanani neno lile. Aliondoka akiwa amevimba chini ya macho, na siku ya tatu alinitumia picha ambayo mpaka leo ninayo kwenye simu. Mvuke ulitanua mishipa, chembechembe zikakwaruza ukuta uliokuwa tayari umechoka, spiriti ikamalizia. Kila hatua niliyodhani inasafisha ilikuwa inaongeza moto.

Kwa hiyo ngozi ya namna hii kwetu haipati mvuke wala taulo la moto. Haipati skrabu, iwe ya sukari, chumvi, kahawa au mashine ya kusaga ngozi ya juu. Hatukamui vipele vya rosasea, maana ndani yake hamna kitu cha kutoa, unaacha kidonda na baadaye doa. Hatupaki minti, kafuri, mafuta ya mchaichai au mikaratusi hata kama yanaleta ubaridi mtamu, kwa sababu ubaridi ule wenyewe ni kichokozi. Asidi kali za kuchubua zinakaa kabatini. Na masaji ya uso ya kukandamiza na kuvuta, ambayo wateja wengi wanaipenda, tunaiacha.

Hapa lazima nizungumze na maharusi, maana msimu wa harusi ndio tunaopata kesi nyingi. Singo ni kitu kizuri, nimesingwa na mimi, na sitaki bibi yeyote anielewe vibaya. Lakini singo ni maua na viungo vilivyosagwa, karafuu imo, marashi yamo, na inasuguliwa. Kwa mikono, miguu na mgongo, endelea. Uso wenye rosasea uachwe nje. Vivyo hivyo liwa ikikaukia usoni na kukaza, na manjano yaliyochanganywa na ndimu. Somo wako akishikilia, mwombe akupake kidogo chini ya taya wiki tatu kabla ya shughuli, mkae siku mbili muone. Usikubali kitu kipya usoni ndani ya siku kumi za mwisho, hata kama kimetoka Dubai na shangazi amekibeba mwenyewe.

Tunafanya nini basi? Huduma yetu ya ngozi hii inachukua kama dakika arobaini, na mtu akiitazama anaweza kudhani hatujafanya kitu. Feni inawashwa, mteja anapumzika kwanza mpaka joto la barabarani limtoke. Tunanawisha kwa maji ya uvuguvugu mdogo na kisafishio kisichotoa povu jingi wala harufu, kwa ncha za vidole, sio kwa sponji. Tunakausha kwa kugusisha kitambaa cha pamba, hatufuti. Kisha kitambaa kilicholowekwa maji baridi ya kawaida, si barafu, maana barafu inaunguza kwa namna yake. Barakoa ni ya shayiri iliyosagwa laini sana au ya jeli yenye panthenoli, kiungo cha kutuliza ngozi, na tunaiondoa ikiwa bado na unyevu. Mwisho krimu yenye seramaidi, mafuta yanayoimarisha ule ukuta wa ngozi, na losheni ya kukinga jua.

Kwa mtu ambaye uso wake umekwisha kutulia kwa wiki kadhaa tunaweza kuongeza asidi ya azelaiki ya asilimia 10, ambayo inasaidia vipele na madoa kwa pamoja, jambo la maana kwa ngozi nyeusi inayobaki na alama. Huwa inawasha kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo tunaanza mara mbili kwa wiki. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, nayo ni nzuri ikiwa kiasi kidogo. Zile chupa zinazojivunia asilimia 10 na zaidi zimewachoma wateja wetu kadhaa. Taa nyekundu ya LED tunayo. Kuna inaowasaidia kutuliza uso, hatuiiti tiba, na mashine inayotoa joto hatuitumii kabisa.

Laser sisi hatufanyi. Nitasema moja tu kwa sababu mnauliza sana: mashine za mwanga zinazolenga mishipa ya damu nyingi zilibuniwa kwa ngozi nyeupe, na kwenye ngozi yenye melanini nyingi mwanga ule unaweza kunyonywa na rangi yako na kukuachia muunguzo au mabaka. Zipo za mawimbi marefu, nanomita 1064, zilizo salama zaidi kwetu. Aliyekuahidi laser mwulize anatumia ipi, na ameifanya kwa watu wangapi wa rangi yako.

Huenda unaishi mbali na sisi, na hiyo ni sawa. Saluni nzuri utaijua kwa maswali inayokuuliza kabla hujalala. Wanataka kujua unapaka nini, unameza nini, macho yako yakoje? Wanakubali kujaribu bidhaa nyuma ya sikio na kusubiri saa 48? Ukisema "inachoma", wanaosha papo hapo, au wanakwambia vumilia, inafanya kazi? Akikwambia vumilia, nyanyuka. Lipia ulichofanyiwa ukanawe kwa maji baridi. Na mtu anayekuuzia vifurushi vya kuchubua mara sita kabla hajaugusa uso wako, mwache na vifurushi vyake.

Jua ndilo litakaloharibu kazi yote ukilidharau. Weusi wa ngozi unatukinga na kuungua kwa kiasi, haumkingi mwenye rosasea na kuamka kwa uso. Tafuta losheni yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, ya madini, yaani zinki oksaidi au titani dioksaidi. Najua inatuacha na uso wa majivu. Ndiyo maana tunashauri zenye rangi, zilizowekwa oksaidi ya chuma: hazionekani kwenye ngozi yetu, na pia zinapunguza madoa yanayoletwa na mwanga wa kawaida. Kamua mstari mmoja wa losheni kwenye kila kimoja cha vidole viwili, hicho ndicho kiasi cha kupaka uso na shingo. Kofia pana, mtandio au mwavuli viongezeke hapo, hasa kama unasubiri daladala saa saba mchana. Anayepika kwenye moto asimame pembeni kidogo na sufuria, apunguze kuinamia mvuke, na chai aiache ipoe.

Kuna wakati hatukupokei kabisa. Macho yakiuma, yakiogopa mwanga au kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana rosasea ya macho inaweza kudhuru kioo cha jicho. Ukiwa na upele wenye umbo la kipepeo, viungo vinauma, una vidonda mdomoni na uchovu usioisha, daktari akupime lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Pua ikianza kunenepa na kuwa na mabonge, usingoje. Daktari ana metronidazoli ya kupaka, ana ivermektini ya asilimia 1, ana doksisaiklini ya dozi ndogo, na anajua ipi ni ya nani. Muhimbili wana kliniki ya ngozi, na pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Rosasea kwenye ngozi nyeusi kwao si habari mpya.

Mama yetu wa pilau alirudi baada ya wiki sita, akiwa na krimu ya daktari kwenye pochi. Nilipitisha mgongo wa kiganja kama kawaida. Shavu lilikuwa la joto la mtu yeyote aliyetoka nje.

Ukitaka kuja, weka miadi ya asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla hujaingia jikoni. Usipake vipodozi siku hiyo. Chukua mfuko, tia kila kopo, tyubu na chupa unayopaka usoni, pamoja na lile lisilo na jina, ulete vyote. Kutazama na kuzungumza hatutozi.