Fomu za kupandikiza meno zimewasahau akina mama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa maoni nizungumzie matangazo ya kupandikiza meno ambayo siku hizi yamejaa kwenye simu zetu. Tiba yenyewe sina ugomvi nayo. Tangu Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alipompandikizia mgonjwa wa kwanza meno yenye mizizi ya titaniamu mwaka 1965, imethibitika kwamba mfupa wa taya huikubali metali hiyo na kushikamana nayo. Wengi hudumu na meno hayo zaidi ya miaka 10. Ugomvi wangu ni fomu.

Nilimsindikiza dada yangu mwenye miaka 58 kwenye kliniki moja hapa Dar es Salaam, akitaka kuziba pengo la magego. Akapewa fomu. Presha? Kisukari? Mzio wa dawa? Je, una mimba? Tulicheka sana pale kwenye benchi. Mimba imeulizwa, ila kukoma kwa hedhi hakuna aliyekumbuka, wala dawa za mifupa. Penye "dawa unazotumia kila siku" dada akaandika "hakuna", na hakudanganya. Kidonge chake cha alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, hukimeza mara moja kwa wiki, Jumapili alfajiri, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha haruhusiwi kujilaza kwa nusu saa. Kuna wanaochomwa sindano ya denosumabu kila miezi 6, na wanaotundikiwa dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka. Nani kati yao atajiona mtu wa dawa za kila siku?

Kipandikizi, yaani huo mzizi wa titaniamu, hakishikwi na gundi. Kinasubiri mfupa ujijenge kukizunguka, kazi ya miezi 3 hadi 6 kwa kawaida. Dawa nilizozitaja huzipunguza nguvu seli zinazomung'unya mfupa, na ndivyo zinavyomkinga mama asivunjike nyonga. Lakini taya likichokonolewa, kidonda kinazihitaji seli hizohizo ziondoe mfupa uliokufa ili mpya uote. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walianza kuripoti wagonjwa waliokuwa kwenye dawa za aina hii ambao mfupa wa taya ulibaki wazi kinywani bila kupona. Siwatishi watu: kwa anayemeza kidonge cha mifupa tatizo hili ni nadra mno, na kwa mgonjwa wa saratani anayepewa dozi kubwa za dripu ni kubwa zaidi. Ndiyo maana daktari lazima ajue kabla ya kushika kisu. Na mama asije akaacha dawa kimyakimya ili apate jino. Denosumabu hasa, ukiikatiza bila mpango wa daktari, pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika.

Dada alipomweleza daktari mwenyewe, jino liliahirishwa. Akaandikiwa barua kwa daktari wake wa mifupa, na akaanza kusafishwa fizi. Hapo nilifurahi, kwa sababu fizi ndizo zinazorukwa. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Taya nalo ni mfupa. Mate nayo huweza kupungua. Wengine ulimi huwawaka moto kama wamelamba pilipili, daktari anachungulia na haoni kidonda. Wengi wanaona aibu kulisema, basi wanashinda wakifyonza pipi ili kinywa kilainike, na sukari inatafuna mizizi ya meno iliyokwisha kuachwa wazi na fizi. Maji ya mara kwa mara na ubani wa kutafuna usio na sukari vingewafaa zaidi.

Kuna uongo mmoja kwenye matangazo unaoniudhi: "jino la maisha". Kweli kipandikizi hakitoboki, lakini fizi zinazokizunguka huugua na mfupa wake huliwa vilevile. Aliyepoteza magego kwa ugonjwa wa fizi, akapandikiziwa mengine juu ya ukoga uleule, amepanda hasara, tena pengine kwa mkopo wa kikoba.

Asitokee mtu wa kutumia barua hii kuwanyima akina mama tiba. Kukoma hedhi si kizuizi, na udhaifu wa mifupa peke yake si lazima uwe kizuizi. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa vinaharibu kazi hii zaidi.

Ninachoomba kwa Wizara ya Afya na wenye kliniki ni mistari miwili kwenye fomu. Hedhi yako ilikoma lini? Je, unatumia au umewahi kutumia kidonge, sindano au dripu ya mifupa, hata kama ni ya mara moja kwa mwaka? Walioacha dawa nao waulizwe, maana alendroneti hukaa ndani ya mfupa miaka mingi baada ya kidonge cha mwisho.

Muuguzi mstaafu,
Dar es Salaam