Barua kwa swahiba aliyepata nafasi ya ukadeti

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na kijitabu cha mpango wa kadeti, yaani wa kumfundisha mtu urubani tangu mwanzo kwa ajili ya shirika la ndege, pamoja na nakala ya mkataba. Nimevisoma vyote, kijitabu kwa haraka, mkataba kwa kituo. Kwanza hongera. Mchujo ule si wa kubahatisha: hesabu za papo kwa papo, kufuatilia mambo matatu kwenye skrini huku namba zinasomwa masikioni, kisha ile kazi ya kikundi ambapo wasimamizi wanakaa pembeni wakiandika nani anamkatiza nani. Umepita kwa jasho lako.

Sasa unaniuliza uingie au usiingie. Ujue kwamba unamuuliza mtu aliyepita njia nyingine. Mimi nilisoma kwa kuungaunga: leseni binafsi, kisha kukusanya saa za kuruka, kisha leseni ya biashara, kila hatua nikiilipia nilipopata, na leo nafundisha wanafunzi kwenye ndege ya injini moja. Kwa hiyo nikiusema vibaya mpango wako, pima mwenyewe kama ni hoja au ni kijicho.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya urubani wa biashara inataka saa 200 za kuruka, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa moja kwa moja. Leseni kamili ya urubani wa ndege za abiria inataka 1,500. Katikati hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Una leseni mfukoni, mkopo unadai, na kila tangazo la kazi linataka saa ambazo huwezi kuzipata bila kazi. Mpango wa kadeti unakuvusha hapo. Unafundishwa tangu mwanzo kwa taratibu za shirika, na ukimaliza unakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, cha Airbus A320 au Boeing 737 ukiwa na saa chache ambazo mimi nisingethubutu kuombea nazo kazi hata ya kubeba mizigo.

Hilo haliwezekani kila mahali. Marekani, tangu 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na leseni kamili, yaani saa 1,500, isipokuwa kwa nafuu wanazopewa waliotoka jeshini na waliosomea urubani chuo kikuu. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, iliyoua watu 50. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka saa 1,500, na ndiyo maana ubishi juu ya kanuni hiyo haujaisha hadi leo. Kadeti wa kule akihitimu huenda kwanza kufundisha, kama mimi, mpaka saa zitimie. Mpango wako unafuata njia ya pili, ile ya Ulaya na sehemu nyingi za dunia, ya kuingia moja kwa moja. Kile kiti cha mapema ndicho unachouziwa. Mafunzo yenyewe ungeyapata kwingine.

Ndiyo maana nikaenda kutafuta kwenye mkataba mahali shirika linapojifunga kukupa hicho kiti. Sijapaona. Lililoandikwa ni kwamba mhitimu atafikiriwa kuajiriwa iwapo mahitaji ya wakati huo yataruhusu. Shule inadai ada, benki inadai marejesho, wewe unadaiwa kufaulu kila mtihani kwa mara ya kwanza, na shirika, ambalo nembo yake imepambwa kila ukurasa wa kijitabu, halidaiwi kitu. Hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Usinielewe vibaya, sidhani kama ni matapeli. Tatizo ni majira. Shirika linatangaza nafasi za kadeti likiwa limenona: ndege mpya zinakuja, marubani hawatoshi. Mafunzo yanachukua mwaka na nusu hadi miwili. Huko mbele utakakotokea, hakuna ajuaye hali itakuwaje. Walioanza 2018 na 2019 walihitimu, au walikaribia kuhitimu, ndege za dunia nzima zikiwa zimeegeshwa kwa sababu ya korona. Wapo waliobaki na deni na leseni. Wapo waliobaki na deni tu.

Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo ninayotaka uitazame kuliko kitu kingine chochote kwenye barua hii, kwa sababu mpango wako ni wa MPL, na kijitabu kimelipitia jambo hilo kwa sentensi moja.

MPL ni leseni ya rubani wa ndege zinazoendeshwa na marubani wawili. ICAO iliianzisha mwaka 2006. Inataka saa zisizopungua 240, lakini sehemu kubwa ya saa hizo ni za kwenye simyuleta, mashine ya mafunzo inayoiga ndege, siyo angani. Kimafunzo sina ugomvi nayo. Pengine inamwandaa mtu kwa kiti cha shirika vizuri kuliko njia yangu, maana tangu mapema unazoea kugawana kazi na mwenzako, kusahihishana, na kuliona kosa kabla halijakomaa. Mimi nilijifunza hayo baadaye, na kwa shida.

Ugomvi wangu ni na wakati inapotolewa. MPL huipati mpaka umalize mafunzo ya aina maalumu ya ndege, pamoja na kupaa na kutua kwenye ndege halisi bila abiria, kwa kawaida mara 12, ingawa mamlaka inaweza kuruhusu pungufu. Kuipata ndege ya kufanyia hayo unalihitaji shirika. Sasa chukua kwamba umesoma mwaka na miezi, umefaulu kila kitu, halafu shirika linasema tusubiri. Mkononi utakuwa na nini? Matokeo ya mitihani ya nadharia, daftari la saa, na barua ya pole. Kuigeuza safari hiyo kuwa leseni ya biashara kunataka saa za kuruka wewe ukiwa rubani mkuu, 100 au 70 kwa kozi iliyoidhinishwa, na hizo ndizo ambazo njia ya MPL hukupa kwa kijiko. Utazinunua upya. Na hata ukiwa umeshaipata MPL, haikuruhusu kuja kufundisha hapa nilipo wala kurusha kindege cha kukodi peke yako mpaka uongeze masharti mengine.

Mwenzako mwenye leseni ya biashara na idhini ya kuruka kwa ala, yaani kwa kufuata vipimo hata usipoona nje, akifungiwa mlango na shirika lake, anapiga hodi kwa jirani. Hahitaji ruhusa ya mtu.

Suala la pesa sitalirefusha, ila nyumba ya wazazi imenikaa rohoni. Umeandika kwamba benki inaitaka iwe dhamana, na kwamba mzee amekubali bila kusita. Mzee angekubali hata kama ungemwambia unakwenda mwezini. Yapo mashirika yanayobeba mzigo wenyewe. British Airways mwaka 2023 ilitangaza mpango wa kuwagharimia kadeti wake. Shirika lililotia pesa zake ndani yako lina sababu ya kukutafutia kiti hata mambo yakiwa mabaya. Lako halijatia. Angalau idai shule ipokee ada hatua kwa hatua, siyo nusu nzima siku ya kuandikishwa, kwa sababu shule za urubani hufilisika, na mwanafunzi ndiye wa mwisho kurudishiwa. Kifungu cha kutumikia shirika baada ya kuajiriwa nacho kina kasoro: hakisemi kama deni linapungua kila mwaka unaofanya kazi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho. Uliza.

Na kabla ya senti moja kutoka, nenda ukapimwe cheti cha afya cha daraja la kwanza. Siyo baada ya kulipa, kama ratiba yao inavyosema. Macho, rangi, moyo, masikio, vyote. Cheti hicho utakihuisha angalau kila mwaka maisha yako yote ya kazi, na siku kikizuiwa, mkopo hauzuiwi. Ulizia bima ya kupoteza leseni mapema.

(Ile picha ya jalada, kijana wa umri wako mwenye mistari minne begani, imenichekesha. Minne ni ya kapteni. Wewe utaanza na miwili au mitatu kama walivyoanza wengine, na kuna miaka kadhaa kabla ya kufika hapo.)

Ungekuwa mpango wa leseni ya biashara pamoja na idhini ya ala na injini mbili, ningekwambia tia sahihi hata kama ni ghali. Ukiwa MPL yenye kifungu kwamba shirika likijitoa litakugharimia kugeuza mafunzo yawe leseni ya biashara, bado ningesema ingia. Mipango ya namna hiyo ipo, kwa hiyo kuomba si utovu wa adabu. Kama ulivyo sasa, na nyumba juu yake, mimi nisingetia sahihi.

Najua utanijibu kwamba kungoja kuna gharama. Ni kweli. Katika mashirika mengi tarehe ya kuajiriwa ndiyo inayoamua nani anakuwa kapteni kwanza, na anayekutangulia mwezi mmoja anaweza kukutangulia maisha. Lakini ukomo wa kurusha ndege za abiria kimataifa ni miaka 65. Una muda wa kungoja jibu la barua moja.

Watafute waliomaliza mpango huo kabla yako, na usiwaulize kama walipata kazi. Waulize ni muda gani ulipita tangu mtihani wa mwisho hadi safari ya kwanza yenye abiria, na nani alilipa mafunzo ya aina ya ndege. Usiridhike na wale ambao shule yenyewe itakupa namba zao.

Jambo la mwisho. Kifungu cha kusitisha mafunzo kinataja kiambatisho cha tatu, lakini nakala uliyonitumia inaishia cha pili. Waombe hicho cha tatu kwa maandishi, unitumie kikifika, na mpaka hapo kalamu ikae mfukoni. Msalimie mzee sana, mwambie nitampigia mwenyewe Jumapili.

Wako,
Swahiba yako wa ndege ya injini moja