Mtoto akizaliwa na kidole cha sita, mama aambiwe aende wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mkoani Tabora, nauza mitumba mnadani. Jambo langu ni vidole vya sita. Mwanangu wa mwisho alizaliwa navyo vitatu, viwili mikononi na kimoja mguuni, na ilinichukua miezi saba kumpata daktari wa kuniambia kitu kinachoeleweka, na siyo kwamba daktari hakuwepo, alikuwepo siku zote, ila hakuna mtu aliyeniambia ni daktari wa nini natakiwa kumtafuta na anapatikana wapi.

Nilijifungua usiku. Nesi alimfuta mtoto akamnyanyua akasema mama una dume, alafu akanyamaza, na ule ukimya wa nesi mama yeyote aliyezaa anajua unavyochoma. Nikauliza kuna nini, akanionyesha mikono. Wa kulia, pembeni ya kidole cha mwisho, kulikuwa na kidude kama punje ya harage kinaning'inia kwa kinyama chembamba, ukikigusa kinacheza huku na huku. Wa kushoto ndo ulinitisha maana pale kilikuwa kidole kamili, kina kucha, kina pingili, mtoto akikunja ngumi na chenyewe kinakunja. Mguu wa kushoto nao vidole sita vimepangana vizuri kabisa, mtu asiyehesabu asingejua.

Asubuhi nikiwa naruhusiwa nikauliza hivi vidole inakuaje, nikajibiwa funga uzi, vitakauka vyenyewe vitadondoka. Vyote? Vyote. Kwenye kadi ya kliniki wakaandika uzito na chanjo basi, kuhusu vidole hakuna hata neno moja. Hospitali siitaji wala aliyenijibu simtaji, alikuwa peke yake wodini na akina mama kumi na kitu, na naamini hata yeye ndo hivo alivyokuta wenzake wanasema.

Nyumbani kila mtu na lake. Wapo waliosema ni bahati, mtoto wa vidole sita atashika hela. Jirani mmoja akaniuliza wakati wa mimba nilimcheka nani mwenye kilema, nililia sana siku ile. Aliyenitoa kwenye giza ni baba mkwe. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia akanionyesha pembeni ya kidole cha mwisho, kuna kinundu kidogo kigumu, miaka yote nimemnawisha maji ya kula sijawahi kukiona. Akasema mwanangu hata mimi nilizaliwa nacho, mama yangu alikifunga kwa singa la mkia wa ng'ombe kikadondoka, lakini hiki kilichobaki, mpini wa jembe ukigonga hapa maumivu yanapanda mpaka kwapani. Mzee ana miaka 70 na kitu. Yaani tangu utotoni mpaka leo mkono bado unamuuma!

Hapo nikajua mambo mawili kwa mpigo, kwamba hili jambo limetoka kwenye ukoo wa mume wangu wala halihusiani na kumcheka mtu, na kwamba uzi mimi sifungi.

Nikaanza kuzunguka. Mtoto akiwa na wiki sita nikampeleka, nikaambiwa huyu mdogo mno rudi akifikisha miaka mitano. Sikuridhika, nikaenda kwingine akiwa na miezi mitatu, pale nikaambiwa mbona umechelewa ungemleta akiwa mchanga. Sasa mzazi ashike lipi? Dirisha hili linasema nenda kwa daktari wa watoto, wa watoto anasema hii ni ya upasuaji, wa upasuaji hayupo kaenda semina, njoo Alhamisi, na Alhamisi ndo siku ya mnada wangu. Sera tunaambiwa mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, ila ikifika kwenye picha ya eksirei nikaambiwa lipia kwanza. Katikati ya kuzunguka huko mtu mmoja wa duka la dawa akaniambia lete elfu themanini nakata vyote jioni hii hapa hapa nyuma ya duka. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeshauona mkono wa mzee, vinginevyo ningempa, kwa jinsi nilivyokuwa nimechoka ningempa.

Aliyenielekeza mwishowe ni mama mwenzangu tu, tumekaa benchi moja, yeye ana mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda na wanamfunga plasta kila wiki inyooke. Akamwangalia mwanangu akasema dada mbona huyu wa kwetu huyu, daktari bingwa wa mifupa anakuja Jumanne, mlango wa mwisho kule, siku zote hizo ulikuwa unaenda wapi. Mtoto alikuwa ametimiza miezi saba.

Huyo daktari nitamkumbuka. Hakuanza na vidole kabisa. Alimsikiliza moyo muda mrefu, akaangalia macho, akaangalia mdomo, akauliza mkojo, anakuaje, anakaa mwenyewe, kwenye ukoo nani mwingine anavyo. Nikamwambia daktari shida ni vidole. Akanieleza taratibu kwamba watoto wengi wa vidole sita hawana shida nyingine yoyote, hasa sisi Waafrika ambao kidole cha ziada kwa kawaida kinaota upande wa kidole cha mwisho na mara nyingi ni cha ukoo, na mzazi mmoja tu anatosha kukirithisha, tena kinaweza kumruka mtu kikatokea kwa mtoto wake, ndo maana mume wangu hana na baba yake anacho. Ila wapo wachache ambao kidole kimekuja na matatizo ya moyo au figo au macho, kwahiyo kila mtoto lazima apimwe mwili mzima kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapita kwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameweka kipimo kifuani kwa mwanangu.

Kisha akashika mkono wa kulia akasema hiki hakina mfupa, ungekuja wiki za mwanzo ningekitoa kwa ganzi tu, dakika chache mtoto ananyonya anarudi nyumbani. Sasa ana miezi saba ana nguvu anarusha mikono, hatatulia, itabidi tusubiri tuvitoe vyote siku moja kwa nusu kaputi. Hapo ndipo roho iliniuma kweli. Kile kidude cha harage kilikuwa kazi ya dakika chache, kikageuka kuwa cha kumlaza mtoto usingizi kwasababu tu hakuna aliyesema mapema.

Vile viwili vyenye mfupa alisema hata ningewahi vingesubiri tu. Mifupa ya mtoto mchanga sehemu kubwa bado ni gegedu, yaani mfupa laini kama ule wa sikio, na gegedu haionekani vizuri kwenye eksirei, na dawa ya usingizi ni salama zaidi mtoto akiwa amekomaa kidogo, kwahiyo wanapenda afike mwaka mmoja hivi, kabla hajazoea viatu. Hakuna kufunga uzi hapo, kidole chenye mfupa kina mishipa ya damu ya kweli, ukikikaba kinaoza kikiwa bado kimeshikana na mtoto na vijidudu vinaingia. Nikamuuliza kuhusu kinundu cha mzee, akasema ule ni mshipa wa fahamu uliobaki kwenye kovu ukafanya uvimbe, daktari akikata anaufuata mshipa ndani anaukatia mbali na ngozi ili usije kuuma. Hata hospitali wapo madaktari wanaofunga vile vyembamba visivyo na mfupa, ila wanafunga wakiwa wameshakagua na kwa vitu safi, siyo mama afunge uzi wa cherehani kitandani kwake.

Tulipewa rufaa ya hospitali ya kanda. Mwanangu alifanyiwa upasuaji akiwa na miezi kumi na nne. Mimi nilidhani kukata ni kukata tu, kumbe kwenye ule mkono wa kushoto kuna kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, ilikuwa imejishika kwenye kidole cha sita, wameihamishia kwenye kidole cha tano, wangeiacha kidole kingekosa nguvu ya kufunguka. Mguuni picha ilionyesha vidole viwili vya pembeni vimekalia mfupa mmoja uliotanuka, wakatoa cha nje na mfupa wakauchonga upungue upana. Alikaa na bandeji nene wiki kadhaa. Nauli ya mara tatu, kulala, chakula na vipimo vilikula laki tano na ushee, mbuzi wawili walienda humo. Sasa anakimbia, kiatu kinaingia, mkononi kuna mstari mwembamba tu na ukimgonga halii.

Ninachoomba, Mhariri, siyo kijengwe kitu kipya. Matangazo ya kupasua midomo sungura bure nimeyasikia redioni mara nyingi, hata bibi kijijini anajua mdomo sungura una daktari. Kidole cha sita kinatokea kwa watoto wetu wengi zaidi kuliko mdomo sungura na hakina tangazo hata moja. Nesi wa wodi ya wazazi aandike kwenye kadi siku ile ile: kidole cha ziada, mkono upi, kina mfupa au hakina, aonwe na bingwa wa mifupa au wa upasuaji wa watoto ndani ya wiki kadhaa. Na aseme usifunge kitu. Kuandika hivo ni dakika mbili, na mimi ningeokoa miezi saba.

Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, dirishani msiseme tu naomba daktari. Sema naomba bingwa wa mifupa, kama hayupo bingwa wa upasuaji wa watoto, au wale wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kama mkoani hayupo omba kwa maandishi rufaa ya hospitali ya kanda, Kanda ya Ziwa kuna Bugando pale Mwanza, kaskazini KCMC pale Moshi, nyanda za juu kusini Mbeya, Dodoma ipo Benjamin Mkapa, Dar ipo MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Zile kambi za madaktari bingwa zinazotangazwa kwenye halmashauri nazo ulizeni kabisa bingwa wa mifupa yupo au hayupo kabla hamjapanda gari. Na msiogope kuuliza kama kuna ulazima wa kukitoa, maana daktari aliniambia kuna vidole vya ziada vinavyofanya kazi vizuri na wapo watu wazima wanaoishi navyo bila shida, cha miguuni hasa shida yake ni kiatu.

Naomba pia bingwa yeyote anayesoma gazeti hili atuandikie wazi, ile ya kutoa kwa ganzi inawezekana mpaka mtoto awe na umri gani, maana nimesikia majibu tofauti na ndo swali linalotutesa zaidi.

Wifi yangu anajifungua mwezi ujao, binti wa yule mzee, na atajifungulia wodi ile ile niliyojifungulia mimi. Nimemwandikia karatasi, jina la mlango, siku ya daktari, na maneno ya kusema dirishani, ameikunja kaiweka ndani ya kadi yake ya kliniki. Kama jibu la bingwa litatoka gazetini kabla ya hapo nitalikata niliweke humo humo.

Mama wa watatu,
Tabora