Droni ipokee pale boda inapoishia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwendesha boda ya umeme hapa Kalangala, kisiwani Bugala, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Kazi yangu ni vifurushi, na vingi vinakwama mwaloni. Mwezi uliopita nilibeba boksi la vidonge vya presha vya mama mmoja wa kisiwa cha pili, nikalikabidhi kwa mwenye mtumbwi saa nne asubuhi. Akasema anangoja abiria wajae. Upepo ukachafuka, hakutoka. Kesho yake nililikuta boksi palepale, chini ya gunia la mukene (dagaa), jina la mama limefutika kwa maji. Alikuwa amenipigia simu mara tisa. Namba aliyokuwa nayo ni yangu, ya mtumbwi hana.

Droni, ndege ndogo isiyo na rubani, kwetu si hadithi. Mwaka 2021 Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza kurusha dawa za VVU kwa droni kwenda kisiwa cha Bufumira, wilayani kwetu. Wilaya yenye visiwa 84 utaihudumia kwa mitumbwi mpaka lini?

Ombi langu kwa wanaopanga njia: msirushe droni juu ya barabara. Yenyewe hubeba kilo chache tu. Nchi kavu mniachie mimi. Nifike ncha ya kisiwa, droni ipae pale na ivuke maji tu. Ikiwa angani, mimi nashusha mizigo ya mwalo unaofuata, tukutane huko. UPS, kampuni ya vifurushi ya Marekani, walijaribu jambo kama hili Florida, Februari 2017: droni ilipaa kutoka paa la gari la umeme, dereva akaendelea na safari yake.

Ila Florida ni tambarare. Ramani ya simu huhesabu kilomita, kilima haikijui. Nikipanda na mzigo, asilimia za betri zinashuka huku naziona. Nikiteremka mtupu hazisogei. Kwa hiyo mizigo mizito ishuke kwanza, hata kama njia itarefuka. (Upepo wa ziwa nao hauna ratiba; mvuvi mzee wa mwaloni aulizwe kabla ya kompyuta.) Na droni isirudi tupu: ilete sampuli za damu kutoka zahanati za ng'ambo, nizipokee nizifikishe maabara.

Anayeandika programu ya kompyuta ya kupanga njia hizi aje apande nyuma yangu siku moja. Helmeti ya abiria ninayo.

Mwendesha boda,
Kalangala