Barua kwa mwanangu anayekwenda kupima dawa za miti

Mwanangu Mwanaidi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Yale ya Profesa Edzard Ernst, yule mpimaji wa tiba mbadala kule Uingereza, uliyonitumia nimeyasoma mara mbili kwa miwani ya mama yako mdogo, na usingizi umepaa. Mkataba wako una miaka mingapi?

Wewe umecheka, eti mtu aliyeanzia udaktari hospitali ya homiopathia, ile tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, kule Munich ndiye aliyekuja kuiumbua. Mimi sikucheka. Chuo Kikuu cha Exeter kilimpa uprofesa wa tiba mbadala mwaka 1993, akapima kweli. Mwaka 2005 akaisema vibaya gazetini ripoti ya tiba mbadala iliyoagizwa na Prince Charles, huyu mfalme wa sasa, kabla haijatoka. Katibu wa Prince akakiandikia chuo kwamba Ernst ametoa siri. Miezi 13 anachunguzwa! Hakukutwa na hatia, lakini fedha za kitengo zikakauka, na 2011 akastaafu. Kwangu mimi huko ni kufukuzwa.

Ndiyo maana nauliza: miaka mingapi, na mshahara analipa nani? Ukipima mti wa mzee ukaukuta hauna kitu, mwambie yeye kwanza, faraghani, kwa adabu. Ulimi wako naujua. Ya siku ile ya arobaini mbele ya mjomba wako siyarudii, ingawa ulisema kweli, na nilijivuna kimoyomoyo. Halafu usiende na jibu mkononi. Huyohuyo Ernst alikubali kwamba kuna mmea wa maua ya manjano unaosaidia sonona.

Zile chupa za dawa za miti za uvunguni mwa kitanda cha marehemu baba yako nimezitoa juzi, nimeziosha, sasa natilia mafuta ya taa. Hakuna aliyenilazimisha kuzinunua. Vidonge vyake vya kisukari vya hospitali vilikuwa kabatini, boksi moja halijafunguliwa. Basi, ukiandika kuhusu wanawake wanaonunua chupa hizo, usiwaite wajinga.

Bati la jikoni limetoboka tena. Fundi anataka 80,000, nimempa 50,000, nyingine atangoja. Koti chukua la kaka yako, halina kifungo kimoja lakini ni zito. Dagaa weka kwenye sanduku kubwa, usiwabebe mkononi ukawanukia watu.

La mkataba nijibu kabla ya Ijumaa, usinizungushe. Kuku wako mweupe anaatamia, nimemwachia mayai tisa.

Mama yako