Zamani ya nani, mzee mwenzangu wa Tabora?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji wa Tabora aliyeandika kwamba maisha ya zamani yalikuwa asali na ya leo ni shubiri. Barua yake niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mjukuu wangu akisikiliza. Ameandika vizuri, sikatai. Sukari ilikuwa bei ya kutupa, watoto walikuwa na adabu, jirani alikuwa ndugu, na treni ikisimama stesheni abiria walikula kuku. Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo, nikaona nishike kalamu kabla hasira haijapoa.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, ninaishi Ujiji. Nilianza kazi mwaka 1977 katika zahanati ya kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Barabara haikufika. Kwa hiyo hiyo zamani anayoisifu nami nilikuwamo, tena nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu.

Nianze na sukari yake. Bei ilikuwa ndogo, kweli. Ilipangwa na serikali, ikabandikwa dukani, na sukari yenyewe haikuwepo. Baada ya Vita vya Kagera tulikuwa tukipanga foleni tangu saa kumi alfajiri. Mwenye mtoto mchanga aliweka jiwe lake kwenye mstari akarudi nyumbani kunyonyesha, na jiwe lile liliheshimiwa kama mtu. Ukifika mbele, unaambiwa imekwisha. Unga wa njano wa msaada tukaupa jina la Yanga, tukaula. Upande wa sabuni sisi wa Kigoma tulikuwa na nafuu, maana michikichi tunayo na sabuni ya mawese mama zetu walijua kuipika.

Lakini kuna siku moja ya mwaka 1983, mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, ambayo haijanitoka. Jirani yangu alifiwa na mumewe asubuhi. Sanda ilikuwa kwa kibali. Mwenye kutoa kibali alikuwa amesafiri, na aliyekaimu hakuwa na mhuri. Shemeji wawili walizunguka mpaka jua likaanza kushuka, maiti imelazwa ndani na wanawake wameishiwa machozi. Mwishowe nilifungua sanduku langu nikatoa mashuka mawili meupe niliyopewa siku ya harusi, tukamsitiri marehemu. Bei ya sanda mwaka ule ilikuwa ndogo sana, mzee mwenzangu.

Sasa hayo ya treni na meli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na meli yetu ya Liemba ni mzee kuliko sote: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha vitani mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiibua. Wageni hutoka ng'ambo kuja kuipiga picha. Kwetu vijiji vya kusini, Liemba ilikuwa gari la wagonjwa. Vijiji vingi havikuwa na gati, kwa hiyo ilisimama mbali kidogo na mitumbwi ikaifuata, hata kama ni usiku. Nimewapandisha mle wajawazito wenye uchungu, watu wawili wanamsukuma kutoka mtumbwini, wawili wanamvuta makwapani kutoka juu, mawimbi yanacheza, na kila mtu anapiga kelele ya amri yake.

Hiyo ni ikiwa siku ya meli. Usiku mmoja wa masika haikuwa siku ya meli. Mama alikuwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amelala vibaya, mkono umetangulia. Nilijua anahitaji upasuaji, na hospitali ilikuwa mjini. Simu hakuna. Injini hakuna. Tulimlaza kwenye mtumbwi juu ya majani ya mgomba, wapiga makasia wanne, mimi nimeshika karabai mpaka upepo ukaizima. Kuanzia hapo nilimpima kwa kumgusa tu. Tulifika kumekucha. Mama alipona. Mtoto tulimrudisha nyumbani amefungwa kwenye kitenge, na njia nzima wapiga makasia hawakuimba.

Huyo simhesabu peke yake. Hapa kwetu mapacha tunawaita Bukuru na Butoyi, wa kwanza na wa pili. Katika kazi yangu nimewajua Bukuru wengi wasio na Butoyi. Mtu mzima anakuja kliniki na mke wake, unamuuliza jina, anasema Bukuru, na wewe mkunga unanyamaza, kwa sababu ukiuliza pacha wako yuko wapi unakuwa umeuliza kaburi.

Utafiti wa taifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Bado ni wengi, na sitaki mtu adhani nasema zahanati za leo haziishiwi dawa. Lakini hiyo tofauti ya 104 katika kila elfu ndiyo zamani yenyewe. Wanaoisifu zamani ni sisi tuliobaki.

Tena ningependa kumuuliza kaka yangu huyu wa Tabora: maji aliyooga asubuhi kabla ya kwenda shule yaliletwa na nani? Dada yake yuko hai? Amwombe naye aandike barua. Nina hakika hataandika habari za kuku wa stesheni, ataandika habari za ndoo, na kuni, na jinsi alivyotolewa shule ili yeye kaka aendelee. Ile adabu ya watoto nami naikumbuka, ila nusu yake ilikuwa woga. Binti aliyepata mimba alifukuzwa shule na mlango ukafungwa nyuma yake, na hali ilikuwa hiyo hadi Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi. Nimezalisha mabinti wa darasa la saba waliokuwa wanalia daftari kuliko uchungu.

Na huu undugu unaosemwa umekufa? Mwaka jana mke wa mpwa wangu alipatwa na matatizo ya uzazi kijijini, kilekile nilichofanyia kazi. Palipigwa simu. Boti ya injini ilihitaji mafuta. Kabla sijamaliza kuvaa viatu, fedha zilikuwa zimeingia kwenye simu kutoka Dar es Salaam, Mwanza, na kijana mmoja aliyeko Kasulu ambaye sijawahi kumwona uso wake. Jioni ile mama alikuwa kitandani amejifungua. Ndugu hawa hawakuja na kuni kichwani kama zamani, ni kweli.

Sasa nisije nikaonekana nimelipwa kuisifu leo. Yapo ninayoyalilia, na la kwanza ni samaki. Enzi zangu mama akijifungua salama, mumewe aliniletea shukrani ya migebuka imetungwa kwenye kamba ya mgomba, minono, mafuta yanadondoka njiani. Wakati mwingine kuhe mzima. Dagaa ulianikwa mchangani ufukwe mzima, ukipita unakanyaga fedha. Leo kisado cha dagaa wa Kigoma wenye Kigoma yao wanakiangalia kwa macho, kinapakiwa kwenda kuuzwa mbali. Ziwa limechoka, mpaka serikali ikalifunga kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wapate kuzaliana. Wavuvi walinung'unika, na mimi naelewa tumbo la mtoto halifungwi. Lakini makokoro na nyavu za macho madogo hazikuletwa na vijana wa leo tu, zilikuwepo tangu ujana wetu, tukala na tukanyamaza. Tena mkoa huu mwaka 1967 haukufika watu nusu milioni, na sensa ya mwaka 2022 imehesabu 2,470,967. Ni walewale watoto tuliokazana wasife. Nao wanakula.

La pili ni hii mikopo wanayoiita kausha damu. Nimeona mama anabebewa godoro mbele ya watoto wake kwa deni la shilingi laki moja. Hilo zamani halikuwepo, kaka yangu ana haki hapo, na sina la kumjibu. La tatu ni kubeti, ila hilo nikilianza gazeti halitatosha.

Jambo moja zaidi. Kaka yangu anasema tungerudi tu kule nyuma. Nyuma hadi wapi? Hapa Ujiji ninapokaa pana miembe, na watalii huja kuangalia mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Marehemu bibi yangu hakuwa na habari na wazungu hao. Alichoambiwa na mama yake ni kwamba njia iliyoanzia hapa, ikapita kwenu Tabora na kuishia Bagamoyo, ilipitisha watu wamefungwa minyororo, na kwamba miembe mingi ya njia hiyo ilimea kwa sababu ya misafara hiyo. Mpaka leo tunakaa chini yake tunakula embe na kusema, ah, zamani raha.

Mwambie kaka yangu sina ugomvi naye. Migebuka mikavu bado hupatikana kwa anayejua pa kununua, na mimi najua. Nikipata mizuri nitampakilia kwenye basi la alfajiri, siku hiyohiyo iko Tabora. Naye anitumie asali ya kwao, ila isiwe ile iliyochanganywa na sukari, maana siku hizi sukari ipo. Namba yangu ya simu nimekuachia wewe Mhariri.

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma.